Kifutio cha Mwalimu: Aníbal Troilo na Suala la Mapokeo katika Sanaa

Utangulizi

Katika uhakiki wa sanaa yamo mazoea yaliyokita mizizi hata hatuyahoji tena. Tutakapo kumsifu msanii husema kwamba alivumbua jambo jipya. Na tutakapo kumpunguzia hadhi husema kwamba alihifadhi tu yale aliyoyakuta kwa waliomtangulia. Mvumbuzi hupewa sura nzima katika vitabu vya historia. Mhifadhi hupewa aya moja, tena ya shukrani. Makala hii inakusudia kuyapima mazoea hayo kwa kuchunguza maisha na kazi za mtu mmoja, Aníbal Troilo (1914–1975), mpiga bandoneoni na kiongozi wa okestra ya tango katika mji wa Buenos Aires, nchini Argentina. Dai letu ni kwamba Troilo, ambaye wengi humtaja kama mlinzi wa mapokeo huku wakimwachia mwanafunzi wake Astor Piazzolla sifa zote za ubunifu, alikuwa mbunifu hasa katika kule kuchagua kwake, kupunguza kwake na kunyamaza kwake.

Pengine msomaji atauliza: jarida la lugha za Kiafrika lina haja gani na muziki wa Amerika ya Kusini? Jibu la kwanza ni la kiisimu. Mojawapo ya mizizi ya tango ni wimbo uitwao milonga, na jina hilo hilo ndilo ambalo wenyeji wa Buenos Aires huuitia mkutano wa watu wanaokuja kucheza dansi. Wataalamu wengi huliunganisha neno hilo na Kimbundu, lugha ya Kibantu ya Angola, ambamo mulonga ni neno au usemi, na milonga ni wingi wake. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kamusi ili auone udugu wake na kitenzi chetu longa, yaani kusema au kuzungumza. Wala hahitaji mwalimu wa sarufi ili avitambue viambishi vya ngeli. Sensa ya mwaka 1778 ilionyesha kwamba takribani watu 3 katika kila 10 mjini Buenos Aires walikuwa wenye asili ya Afrika, wengi wao watumwa na vizazi vyao. Ngoma zao, zilizoitwa candombe, ziliacha alama katika mapigo ya muziki uliofuata. Historia iliyoandikwa baadaye iliwasahau watu hao kwa muda mrefu, lakini maneno yao yalibaki vinywani mwa wale waliokwisha kusahau yalikotoka.

Jibu la pili ni la kihakiki. Swali ambalo kazi ya Troilo inatuuliza, yaani nani hasa ndiye mwenye sanaa ya mapokeo, ni swali ambalo sisi wenyewe hatujalimaliza. Tutalirejea mwishoni.

Ala na Mji Wake

Kabla ya kumsema mpigaji yafaa tuieleze ala yake. Bandoneoni ni ndugu wa kodiani, ile ala iliyopata makao katika taarabu ya Unguja, na ambayo wazee wa eneo la Mlima Kenya waliicheza katika dansi ya mwomboko. Kama kodiani, bandoneoni hupumua kwa mfuko unaokunjuka na kukunjika mfano wa mivukuto ya mhunzi. Lakini haina safu ya vibao vya piano; ina vitufe pande zote mbili, na aina iliyoenea sana Buenos Aires ina vitufe 71. Ugumu wake ni huu: kitufe kimoja hutoa sauti moja mfuko unapofunguka, na sauti nyingine mfuko unapofungika. Kwa hiyo mpigaji hujifunza ramani nne kwa pamoja, mbili za kila mkono. Hakuna mantiki nyepesi ya kumwongoza. Vidole havina budi kukariri.

Ala hii ilizaliwa Ujerumani. Jina lake limetokana na Heinrich Band, mwuza ala za muziki wa mji wa Krefeld katika miaka ya 1840. Zile zilizopendwa kuliko zote na wapigaji wa Argentina zilitengenezwa katika kiwanda cha Alfred Arnold huko Carlsfeld, zikatambuliwa kwa herufi mbili za A. Bandoneoni ilifika katika bandari za Río de la Plata mwishoni mwa karne ya 19, wakati ambapo mamia ya maelfu ya wahamiaji, wengi wao kutoka Italia na Uhispania, walikuwa wakimiminika nchini. Tango ya awali ilipigwa kwa zumari la Kizungu, fidla na gitaa, nayo ilikuwa nyepesi na ya kuchangamka. Wanahistoria wengi wa muziki huo husema kwamba bandoneoni, kwa sauti yake nzito yenye kuvuta pumzi, ndiyo iliyoufanya mwendo wa tango upungue kasi na hisia zake ziingie majonzi. Ala iliyoundwa mbali kwa haja nyingine iligeuka kuwa sauti ya mji mzima. Jambo hili pekee lingetosha kututahadharisha na wale wanaoyaona mapokeo kama mali isiyopata kuguswa na mgeni.

Maisha kwa Muhtasari

Aníbal Carmelo Troilo alizaliwa Buenos Aires tarehe 11 Julai 1914, katika mtaa wa Abasto, uliojulikana kwa soko lake kubwa la matunda na mboga. Babake alimpa jina la utani la Pichuco, na jina hilo halikumtoka mpaka kaburini. Baba huyo alifariki mtoto akiwa na umri wa miaka minane. Alipokuwa na miaka kumi, mamake alimnunulia bandoneoni kwa makubaliano ya kulipa kidogo kidogo. Inasimuliwa kwamba baada ya malipo machache mwuzaji hakuonekana tena kudai kilichobaki, na kwamba Troilo aliitumia ala ile ile kwa sehemu kubwa ya maisha yake. Hata kabla hajatimiza miaka kumi na miwili alikuwa amekwisha kupiga mbele ya watu katika mtaa wake.

Mwaka 1930, angali kijana wa miaka kumi na sita, aliingia katika kundi la watu sita lililoongozwa na mpiga fidla Elvino Vardaro na mpiga piano Osvaldo Pugliese. Kisha alipitia mikononi mwa viongozi kadhaa wa okestra, akiwemo Julio de Caro, ambaye miaka ya 1920 alikuwa amekwisha kuonyesha kwamba tango inaweza kuandikwa kwa uangalifu wa muziki wa ukumbini bila ya kupoteza ladha ya mtaani. Tarehe 1 Julai 1937 Troilo alisimamisha okestra yake mwenyewe katika kilabu cha usiku kiitwacho Marabú. Alikuwa karibu kutimiza miaka ishirini na mitatu. Mwaka 1938 alitoa santuri ya kwanza. Kisha ikapita miaka mitatu bila santuri, na kuanzia 1941 zikaanza kutoka mfululizo katika kampuni ya Victor. Idadi ya nyimbo alizorekodi maishani ilizidi 400.

Kipindi cha katikati ya miaka ya 1930 hadi katikati ya miaka ya 1950 ndicho ambacho wapenzi wa tango hukiita zama za dhahabu. Okestra zilikuwa nyingi, redio zilizirusha hewani, na vilabu vya mitaani vilijaa wachezaji kila mwisho wa juma. Hali ilibadilika mwishoni mwa miaka ya 1950: vijana waligeukia muziki mwingine, na gharama ya kuwalipa wanamuziki wengi ikawa mzigo. Troilo aliendelea kupiga, mara kwa okestra kubwa, mara kwa kundi dogo. Tangu 1953 alishirikiana na mpiga gitaa Roberto Grela, na santuri za ushirikiano huo ni miongoni mwa kazi zake zilizo safi kuliko zote. Alifariki Buenos Aires tarehe 18 Mei 1975. Mwaka 2005 Argentina ilitunga sheria iliyoifanya siku aliyozaliwa, 11 Julai, kuwa Siku ya Kitaifa ya Bandoneoni.

Mtu huyu alikuwa mnene, mkarimu, mpenda usiku na pombe, na alizoea kupiga huku amefumba macho. Mshairi Julián Centeya alimwita bandoneoni kuu ya Buenos Aires. Taswira hiyo ya mtu mwema aliyefumba macho imependwa mno na umma, nayo imeleta hasara katika uhakiki. Imewafanya watu wadhani kwamba sanaa yake ilimbubujika tu kama chemchemi, na kwamba hapakuwa na kazi ya akili nyuma yake. Tuitazame kazi hiyo.

Kifutio

Mwishoni mwa mwaka 1939 kijana mmoja wa miaka kumi na minane alikuwa na mazoea ya kwenda kila usiku katika mkahawa wa Germinal kuisikiliza okestra ya Troilo. Alikuwa amezaliwa Mar del Plata mwaka 1921 na kulelewa New York, na aliisikiliza okestra ile mpaka akakariri nyimbo zake zote. Mmoja wa wapiga bandoneoni alipougua, kijana huyo, Astor Piazzolla, alijitokeza na kupiga bila ya kusoma karatasi. Akaajiriwa. Muda si muda akawa pia mmoja wa wapangaji wa muziki wa okestra, yaani wale wanaoamua kila ala ipige nini na wakati gani.

Tangu 1941 Piazzolla alikuwa akisomea utunzi kwa Alberto Ginastera, mtunzi mashuhuri wa muziki wa ukumbini. Aliyojifunza kwa mwalimu huyo aliyaingiza katika karatasi za Troilo. Hapo ndipo kilipoingia kifutio. Piazzolla mwenyewe, katika miaka yake ya umaarufu, alipenda kusimulia jinsi kiongozi wake alivyozipitia karatasi zile raba mkononi, akifuta noti moja baada ya nyingine, hata pengine zaidi ya nusu ya kazi ikatoweka. Kisa hiki kimekaririwa mno, na kwa kawaida hukaririwa kwa maana moja: kwamba kipaji kipya kilibanwa na mzee mwoga. Hata neno mzee lenyewe halifai, kwani Troilo alimzidi mwanafunzi wake kwa miaka saba tu.

Sisi tunakisoma kisa hiki kwa namna nyingine. Swali la kuuliza si kwamba Troilo alifuta ngapi, bali alifuta nini na kwa nini. Tango ya zama zile ilikuwa muziki wa kuchezwa na watu wawili waliokumbatiana, na msingi wa dansi hiyo ni kutembea. Hatua moja, kisha kituo. Hatua nyingine, kisha kugeuka. Mchezaji hatembei juu ya kila noti. Hutembea katika nafasi zilizoachwa wazi baina ya noti. Mpangaji akizijaza nafasi hizo zote, hata kwa ustadi mkubwa, humnyang'anya mchezaji mahali pa kuweka mguu. Kwa hiyo kifutio cha Troilo kilikuwa kikiwatetea watu wasiojua kusoma muziki, ambao maoni yao yalionekana kwa miguu tu. Alikuwa mhakiki wa kwanza wa kazi ile, na hakimu wake wa mwisho alikuwa ukumbi.

Lakini isidhaniwe kwamba alifuta kila lililo gumu. La hasha. Mwaka 1943 okestra yake ilirekodi "Inspiración", utunzi wa Peregrino Paulos, kwa mpangilio wa Piazzolla, na mpangilio huo hauna unyenyekevu wowote: una sauti zinazopishana, una mabadiliko ya mwendo, una mahali ambapo ala moja huachiwa uwanja peke yake. Inasimuliwa kwamba wachezaji waliposikia kazi hiyo waliacha kucheza wakasogea jukwaani kusikiliza. Troilo aliiruhusu. Ni dhahiri basi kwamba hakuwa na uadui na upya. Alikuwa na kipimo, na kipimo hicho kilimwambia lini mchezaji anaweza kuombwa asimame, na lini ni dhuluma kumsimamisha.

Kipimo hicho hicho kinasikika katika upigaji wake mwenyewe. Wapo wapiga bandoneoni waliomzidi kwa wepesi wa vidole. Yeye alichagua noti chache, mara nyingi kwa mkono wa kulia peke yake, akazichelewesha kidogo kama msemaji anayetafuta neno lililo sahihi, kisha akaziachia. Wahenga walisema ngoma ivumayo haidumu. Katika solo za Troilo tunasikia mtu aliyeielewa methali hiyo bila ya kufundishwa. Anayetaka mfano azisikilize santuri alizopiga na Grela: gitaa linauliza, bandoneoni inajibu kwa maneno mawili, na yale ambayo hayakusemwa ndiyo yanayomkaa msikilizaji moyoni.

Neno na Sauti

Sifa nyingine ya Troilo, ambayo inawahusu moja kwa moja wanafunzi wa fasihi, ni heshima yake kwa maneno ya wimbo. Katika okestra nyingi za miaka ya 1920 na 1930, mwimbaji alikuwa kama kipambo tu: alisimama, akaimba kiitikio, akaketi. Troilo na mwimbaji wake wa kwanza mashuhuri, Francisco Fiorentino, walikuwa miongoni mwa wale walioibadilisha desturi hiyo. Mwimbaji aliingia ndani ya okestra akawa sawa na ala zilizompokea. Okestra nayo ilijifunza kupunguza sauti ili silabi isikike. Hapa tena kazi ilikuwa ya kuondoa. Waimbaji waliofuata, kama vile Alberto Marino, Edmundo Rivero na Roberto Goyeneche, walikuwa na sauti zisizofanana hata kidogo, na kila mmoja alipata kwa Troilo nafasi iliyolingana na sauti yake.

Miongoni mwa washairi aliofanya nao kazi, wawili wanafaa kutajwa hapa. Wa kwanza ni Homero Manzi (1907–1951), mzaliwa wa Añatuya katika mkoa wa Santiago del Estero, mshairi ambaye alichagua kuyaandikia maisha ya watu wa kawaida nyimbo za kuimbwa kuliko kutafuta jina katika vitabu. Pamoja na Troilo alitunga "Barrio de tango" (1942) na "Sur" (1948). Katika "Sur" msemaji anarudi kwa kumbukumbu katika mitaa ya kusini ya mji, anazitaja njia panda na kona kwa majina yake halisi, anamkumbuka msichana na mwangaza wa dirisha, na mwishowe anakiri kwamba mtaa ule haupo tena, na kwamba yeye aliyeupenda naye amebadilika. Muziki wa Troilo hauombolezi kwa kupaaza sauti. Unapanda polepole mpaka kwenye neno lenye jina la wimbo, unalishikilia, kisha unashuka kana kwamba umeona aibu. Fani na maudhui zimeshikana hapo kiasi kwamba msomaji wa shairi lililochapwa, asiyejua lahani yake, amelipata nusu tu.

Manzi alifariki tarehe 3 Mei 1951. Troilo alimtungia kazi isiyo na maneno, "Responso", jina ambalo katika desturi ya Kikatoliki ni sala ya kumwombea maiti. Yafaa tulitafakari jambo hili. Mtunzi ambaye siku zote aliyatafutia nafasi maneno ya mshairi wake, mshairi alipokufa aliiacha nafasi hiyo tupu. Hakumwomba mshairi mwingine aijaze. Kimya cha maneno katika "Responso" ndicho maudhui yake.

Mshairi wa pili ni Cátulo Castillo, aliyetunga na Troilo "María" (1945) na "La última curda" (1956). Katika wimbo huu wa pili mlevi anazungumza na bandoneoni kama mtu anavyozungumza na rafiki wa mwisho aliyebaki mezani. Tashihisi ya namna hii si ngeni kwetu. Mshairi wa Kiswahili naye huusemesha moyo wake, kalamu yake, hata jongoo wa njiani. Lakini angalia ujasiri wa Troilo: yeye ndiye aliyeishika ala hiyo inayosemeshwa, naye alikuwa mtu wa kunywa. Wimbo ulimsema mbele ya watu, naye akaupiga usiku baada ya usiku bila ya kujitetea.

Pingamizi

Haitakuwa haki kuyataja mazuri tu. Ziko pingamizi mbili zilizo na uzito.

Ya kwanza ni kwamba kifutio ni mamlaka, na mamlaka yoyote yaweza kudhulumu. Piazzolla aliondoka mwaka 1944, na ni dhahiri kwamba asingaliweza kuwa Piazzolla tunayemjua kama angalibaki. Muziki aliouanzisha baadaye, hasa baada ya kusoma Paris kwa Nadia Boulanger mwaka 1954 na kuunda kundi lake la watu wanane mwaka 1955, ulihitaji msikilizaji aliyeketi kitini, si mchezaji aliye ukumbini. Tunakubali. Hata hivyo, ukweli una upande wa pili ambao husahauliwa. Troilo huyu huyu, mlinzi wa mapokeo, ndiye aliyeziingiza katika santuri zake tungo za mwanafunzi aliyemkimbia: "Para lucirse" mwaka 1950, "Prepárense" mwaka 1951, na baadaye "Lo que vendrá", ambayo jina lake lenyewe lina maana ya yale yatakayokuja. Wakati ambapo wengi walikuwa wakisema kwamba kazi za Piazzolla si tango, okestra iliyopendwa kuliko nyingi ilizipiga mbele ya umma. Mwaka 1970 wawili hao walikaa pamoja wakarekodi nyimbo mbili za zamani kwa bandoneoni mbili tu. Na Troilo alipofariki, aliyemtungia maombolezo marefu kuliko wote ni mwasi yule yule: katika mwaka ule ule wa 1975 Piazzolla alitunga "Suite Troileana" yenye sehemu nne, akaziita kwa majina ya mambo manne aliyoyapenda mwalimu wake, yaani bandoneoni, mkewe Zita, wiski na kamari. Watu wawili waliotengwa na wahakiki katika kambi mbili, wao wenyewe hawakuwa na kambi.

Pingamizi ya pili ni ya kijamii, na hii hatuwezi kuijibu kikamilifu. Nyimbo nyingi za Troilo na washairi wake ni za kukumbuka yaliyopita. Mtaa umetoweka, lakini wimbo hauulizi nani aliyeuondoa, wala nani aliyefaidika na viwanja vyake. Mwanamke katika nyimbo hizo mara nyingi ni jina tu, kivuli dirishani, mtu aliyekwenda zake. Hapewi kinywa cha kusema. Na mtu mweusi aliyelileta neno milonga haonekani kabisa. Mhakiki anayedai kwamba sanaa ni kioo cha jamii hana budi kusema kwamba kioo hiki kilikuwa na pembe zilizofunikwa. Tunachoweza kuongeza ni kwamba huzuni ya nyimbo hizi si ya bure. Kuitaja kona kwa jina lake halisi, katika mji unaobomoa na kujenga bila kumbukumbu, ni namna ya kuweka ushahidi. Ushahidi haujakamilika, lakini upo.

Hitimisho

Turejee sasa nyumbani, kama tulivyoahidi. Katika miaka ya 1970 uwanja wetu wa ushairi uligawanyika. Upande mmoja walisimama waliosema kwamba shairi bila vina na mizani si shairi. Upande wa pili, hasa baada ya Euphrase Kezilahabi kutoa Kichomi mwaka 1974, walisimama waliosema kwamba arudhi ni pingu. Mabishano yale yalikuwa na manufaa, lakini yaliacha athari moja mbaya: yalitufanya tudhani kwamba mshairi hana budi kuchagua kuwa mlinzi au kuwa mvunjaji. Mfano wa Troilo unatuonyesha nafasi ya tatu, nayo si nafasi ya kati na kati. Ni nafasi ya mtu anayeyajua mapokeo kiasi cha kuweza kuyapunguza, na anayeujua upya kiasi cha kuweza kuukubali bila ya kuuabudu.

Nafasi hiyo lugha yetu iliijua zamani. Tuna istilahi ya inkisari, kulifupisha neno ili likae katika mizani; kwa mshairi wetu kupunguza ni ujuzi uliopewa jina. Tuna neno shaha, bingwa ambaye malenga wengine waliuheshimu uamuzi wake. Tena tunao mfano wa Mwalimu Sikujua wa Mombasa, ambaye mwishoni mwa karne ya 19 alizikusanya na kuzieleza tungo za Muyaka bin Haji, aliyekuwa amekwisha kufa zamani. Kama si masikio na hukumu ya Sikujua, sehemu kubwa ya Muyaka tunayemsoma leo ingekuwa imepeperuka na upepo wa bandari. Ni wangapi kati yetu wamepata kuandika kuhusu Sikujua kama msanii?

Hilo ndilo tunalopoteza tunapoendelea kumpima msanii kwa upya peke yake. Sehemu kubwa ya sanaa ya Kiafrika imo mikononi mwa watu waliopokea, wakachagua, wakaacha, wakapokeza: watambaji wa hadithi, waghani wa tendi, waimbaji wa vyama vya lelemama, wanakili wa hati. Tukiwaita wahifadhi tu tutawapa aya moja ya shukrani na kuendelea na safari. Tukikiri kwamba kuchagua ni kutunga, hatuna budi kuanza kuuliza juu ya kila mmoja wao lile swali tulilouliza juu ya Troilo: alifuta nini, na kwa ajili ya nani?